Samadi Iliyokomaa ya Bibi

Juzi mjukuu wangu aliingia ndani na karatasi mkononi, mkoba bado uko mgongoni, akaniuliza kabla hata hajavua viatu: "Bibi shikamoo, samadi ni nini?"

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia akae kwanza. Karatasi ilitoka shuleni kwao. Shule imeanzisha klabu ya mazingira, watoto watalima bustani ya mboga, maganda ya jikoni hayatatupwa tena, maji ya kunawia mikono yatamwagilia miche, na ifikapo Ijumaa kila mwanafunzi alete ndoo moja ndogo ya samadi. Mama yake aliisoma mara mbili akashika kiuno. Tunakaa mjini, Daraja Mbili, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, ng'ombe utamtoa wapi? Jioni mwanangu alirudi kazini amebeba kiroba cha samadi begani, amekinunua kwa mama mmoja anayeuza miche ya maua kando ya barabara. Suti ya ofisini na kiroba cha samadi. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, wakanipa maji.

"Mama, unacheka nini?" akaniuliza.

Nikasema si kitu. Lakini kilikuwa kitu. Nilifungua kile kiroba nikatia mkono, nikachukua kidogo nikanusa. Ilikuwa mbichi bado, yenye haraka, imefungiwa kabla ya wakati wake. Samadi iliyokomaa hainuki hivyo. Harufu yake ni kama ya udongo mvua inapoanza kunyesha, na ukiikamata inavunjika vidoleni kama mkate wa jana. Nilikaa pale na ile samadi kiganjani, na wewe msomaji ungepita ungesema bibi huyu ameanza kuchanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa nimerudi kwa bibi yangu mimi, juu kule, ukiipita Makumira unaacha lami unapanda kuelekea mlimani, mahali ambapo nilifanya jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo utanivumilia nikienda kando kando. Mimi nasimulia kama ninavyotembea siku hizi, hatua mbili mbele, halafu nasimama kuangalia kitu.

Bibi ndiye aliyenilea. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kihamba, yaani lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba mpaka jua linafika mlangoni likiwa limechujwa kijani. Ukiamka unasikia mambo matatu: majani ya migomba yakisuguana, maji ya mfereji yakipita chini ya ua, na ng'ombe akicheua. Ng'ombe tulilala naye nyumba moja, yeye upande wa kushoto, sisi kulia, ukuta wa fito katikati. Watoto wa siku hizi nikiwaambia hivyo wanakunja pua. Mimi nawaambia baridi ya Meru ya mwezi wa saba ungeijua ungemwomba huyo ng'ombe akusogelee.

Sasa, ng'ombe yule hakuwa wetu, na hapa ndipo mambo yalipo. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi alikuwa anampa mwenzake mmoja amtunzie. Wewe unamlisha, unamlaza kwako. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Maziwa ni yako, na samadi ni yako. Hayo maziwa bibi aliyagandisha kwenye kibuyu, tukayamwagia mahindi na ndizi zilizopondwa, hiyo ndiyo loshoro, na nikikuelezea ladha yake tutakesha. Lakini bibi mwenyewe alikuwa akisema maziwa yanaisha leo, samadi inalisha miaka kumi. Samadi inakwenda kwenye mgomba, mgomba unatoa ndizi tunakula, shina la mgomba linakatwa vipande ng'ombe anakula, anatoa samadi. Ukikata mahali pamoja, mduara wote unalegea. Migomba ikidhoofu ng'ombe anakonda, ng'ombe akikonda mwenye mali anakuja na kamba kumchukua. Bibi alikuwa mjane, hana mtoto wa kiume aliyebaki nyumbani. Yule ng'ombe wa mtu ndiye aliyekuwa ameshikilia nyumba yetu.

Nyuma ya nyumba alikuwa na marundo mawili. Moja la kila siku, bichi, la bustani ya mboga. Jingine kubwa, limefunikwa majani makavu ya migomba, na hilo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Alilijenga misimu mingi, anageuza, anafunika, anageuza. Lilikuwa la mashimo. Masika yakikaribia alitaka kung'oa migomba iliyozeeka upande wote wa chini na kupanda machipukizi mapya, na kila shimo lilikuwa na fungu lake kwenye lile rundo. Alikuwa anapita jioni analipapasa kwa kiganja kama mtu anayemgusa mtoto paji la uso kuona kama ana homa.

Shule yetu ilikuwa na shamba. Wakati ule kila shule ilikuwa nalo, tulijitegemea kwa jembe. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa, ikigongwa kwa nondo unaisikia mpaka mtoni. Tulikuja na kuni za kupikia uji, tulikuja na maji, tulifagia kwa matawi. Hakuna aliyeyaita mazingira. Yaliitwa kazi za asubuhi.

Halafu akaja mwalimu mpya. Kijana mrefu, shati lake kola imegeuzwa upande wa pili kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umechakaa. Alitoka upande wa Dodoma, kule ambako ng'ombe wanalala zizini kundi zima na samadi inajilundika mpaka watu wanaikanyaga wakipita. Alituambia mwenyewe kwamba kwao mtu akitaka samadi anachukua tu, hata hodi hapigi. Akaliangalia shamba la shule, kabichi zake ndogo kama ngumi, akasema: "Kila mtoto alete kikapu kimoja cha samadi, Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Ile ya asubuhi, ya juu juu. Kikapu kimoja, mwezi mara moja. Tumeelewana?"

"Ndiyo mwalimu!"

Hivyo ndivyo alivyosema. Nakuomba uyashike maneno hayo, kwa sababu mimi niliyashika vizuri sana halafu nikajifanya nimeyasahau.

Jumatatu ile nilichelewa kuamka. Bibi alikuwa ameshateremka bondeni kukata majani ya ng'ombe, na rundo bichi alikuwa amelimaliza jana yake kwenye mboga. Nikaogopa fimbo. Nikafunua kona ya rundo kubwa, nikajaza kikapu, nikafunika kwa majani vizuri, nikakimbia.

Tulipanga vikapu mstarini. Mwalimu alipita akiangalia, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinanuka kivyake. Alipofika kwangu akainama. Akatia mkono. Akainua kiganja mpaka puani, akafumba macho.

"Nani kaleta hii?"

Nilinyoosha kidole.

"Njooni wote muone," akasema. "Hii ndiyo mbolea. Hizo nyingine ni ahadi tu."

Sasa nikuambie nilikuwa mtoto wa namna gani darasani. Hesabu ziliniona zikanikimbia. Kusoma nilisoma kwa kubahatisha. Mwalimu aliyekuwepo kabla yake alikuwa ameniketisha nyuma kabisa karibu na dirisha bovu, nikawa nahesabu kunguru. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniita mbele kwa jambo zuri. Siku hiyo niliitwa mbele, watoto wote wakanipigia makofi, na mchana nikafanywa kiranja wa bustani. Nilipewa kazi ya kugawa majembe! Waliokuwa wananicheka kwa hesabu walikuja kuniomba jembe lenye mpini mzuri.

Mvulana niliyekaa naye dawati moja alinong'ona, "Kiranja wa mavi."

"Na wewe utapewa jembe bovu," nikamwambia. Nikampa kweli.

Jumatatu iliyofuata haikuwa siku ya samadi. Nikapeleka. Mwalimu alishangaa, akafurahi. Nikapeleka tena Alhamisi. Kabichi zikaanza kunenepa, majani yakawa mapana kama masikio ya tembo, na kila mgeni wa shule aliletwa kuziona, na mwalimu anasema, "Kiranja wetu huyu hapa." Unaelewa? Ningeacha vipi? Nilikuwa nangoja bibi ateremke bondeni, nazunguka nyuma ya rundo, upande ulioelekea mfereji ambako hapiti, nachimba kwa mikono kuelekea ndani. Ngozi ya nje sikuigusa. Nilichimba kama fuko. Kisha narudishia majani makavu, naosha mikono kwenye mfereji, nakimbia.

Mara moja mwalimu aliniuliza. Alikuwa amesimama na kikapu changu, akanitazama kwa muda. "Nyumbani wanajua unaleta yote hii?"

"Bibi ndiye ananipa, mwalimu. Anasema ni ya shule."

Uongo ukitoka mdomoni mwa mtoto mara ya kwanza ni mwepesi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema nimpelekee bibi shukrani zake. Sikuzipeleka.

Mwezi wa pili ukaisha. Mawingu yakaanza kukaa kichwani kwa Meru asubuhi na kushuka mchana. Bibi alikuwa amechimba mashimo yote upande wa chini, yamepangwa mistari, yamekaa wazi yanangoja. Jumatatu moja sikumwona ametoka kwenda bondeni. Nilidhani ametangulia. Nilichukua kikapu changu kitupu nikaelekea nyuma, nikamkuta yuko pale na jembe. Alikuwa amelipiga rundo mara moja tu kutoka juu. Jembe lilikuwa limezama mpaka mpini, na rundo lilikuwa limekaa chini kama kofia isiyo na kichwa ndani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizunguka, akaona shimo langu, akaona alama za vidole, vidole vidogo. Akanitazama, akatazama kikapu.

"Imekwenda wapi?"

"Shule."

"Nani kasema?"

Na hapo, rafiki yangu, ndipo nilipojikata mwenyewe. Ningesema mimi. Ningechapwa, ningelia, ingeisha. Nikasema: "Mwalimu."

Akavaa kanga yake ya kanisani. Akachukua kile kikapu kitupu, akanishika mkono, tukapanda shule. Bibi alikuwa anatembea pekupeku, vidole vyake vya miguu vimetawanyika vinashika ardhi, na mimi nilitazama vile vidole njia nzima kwa sababu sikuweza kutazama kitu kingine.

Tulifika wakati wa mstari. Shule nzima imesimama, bendera inapanda. Bibi alingoja bendera ifike juu, kwa adabu, kisha akatembea katikati ya madarasa mpaka mbele akaweka kikapu chini.

"Shikamoo mama," mwalimu akasema.

"Marahaba. Nimekuja kuchukua samadi yangu."

Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuokoteza sokoni, lakini siku hiyo hakikumpungukia hata kidogo. Mwalimu alitabasamu. Nadhani alifikiri ni utani wa wazee. Akasema, "Samadi imeshaingia ardhini, mama. Lakini si ng'ombe yupo? Atatoa nyingine."

Kila mtoto pale alitoka nyumba yenye rundo nyuma. Kila mmoja alijua mtu amesema kitu ambacho hakisemwi. Huyu mgeni alikuwa amemwambia mjane kwamba riziki yake ni taka.

Bibi hakumkasirikia. Alimweleza polepole, kama unavyomweleza mtu asiyejua mlango uko wapi. "Ng'ombe si yangu. Samadi ndiyo yangu. Nimepika hiyo samadi tangu huyu mtoto hajaanza shule. Mashimo yangu yako wazi, mvua iko hapo juu. Nitatia nini? Ndizi zikikosa, ng'ombe anaondoka. Ng'ombe akiondoka, mimi na huyu tunakula nini? Kabichi?" Akaliangalia shamba la shule. "Hayo ni majani ya mbuzi."

Kuna mtoto alicheka, akapigwa kiwiko.

"Mtoto anasema wewe ndiye umemtuma," bibi akamalizia. "Alete, alete, mpaka iishe. Kweli?"

Mwalimu akanigeukia. Nilikuwa nimesimama nusu nyuma ya kanga. Kila mtoto wa darasa langu alijua alichoagiza: kikapu kimoja, mwezi mara moja, ya juu juu. Yeye mwenyewe alijua, tena alikumbuka nilivyomwambia bibi ndiye ananipa. Nilimwona anakumbuka. Uso wa mtu mzima unapoelewa jambo unabadilika kidogo tu pembeni mwa macho. Nilingoja aseme. Nilijiona tayari nimerudishwa kwenye dirisha bovu, nimevuliwa ukiranja, na bibi anajua mbele ya shule nzima kwamba mjukuu wake ni mwizi na mwongo.

Alivuta pumzi.

"Ni kweli, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyeagiza. Sikujua thamani yake. Nimekukosea, naomba unisamehe."

Akainama. Mwalimu, mbele ya watoto, akamwinamia mwanamke aliyekuja pekupeku. Yule mvulana wa dawati langu alifungua mdomo kusema, mwalimu akamtazama mara moja, akaufunga.

Bibi akamuuliza, "Majani ya huu uwanja mnayapeleka wapi?"

Kila Ijumaa tulikuwa tunafyeka uwanja wa mpira tunachoma majani kwenye kona, moshi unatuingia darasani tunasoma huku tunalia machozi. Mwalimu akasema tunayachoma.

"Mnachoma chakula," bibi akasema. "Nirudishie hayo."

Ndivyo ilivyoanza. Kuanzia wiki ile majani ya shule hayakuchomwa tena. Kila Ijumaa mstari wa watoto ulikuwa unateremka njia ya kijiji na mizigo ya majani kichwani, wanaimba, wanasukumana, na kila nyumba iliyotoa kikapu cha samadi inaachiwa mzigo wa majani mlangoni. Majani yanashuka, samadi inapanda. Na lile rundo letu lililobomoka, darasa zima lilikuja kumbebea bibi samadi nusu nusu kutoka nyumba za majirani, kila mmoja akatoa kidogo cha kwake kilichokomaa. Haikutosha. Mashimo ya mistari ya juu yalipata, yale ya karibu na mfereji yalipata mbichi, na ile migomba ya mfereji mwaka wa kwanza ilizaa mikungu mifupi, ndizi kama vidole vya mtoto.

Jambo jingine mwalimu alilofanya, alimwomba bibi aje kutufundisha. Bibi ambaye hakuwahi kukanyaga darasani! Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaja na fimbo yake mwenyewe. Alitusimamisha nyuma ya jiko la uji. Akasema maganda chini, majani makavu juu yake, jivu kidogo kama chumvi, kisha samadi, kisha majani tena. "Usiikanyage! Wewe ungekanyagwa ungekua?" Mvulana wa dawati langu alipigwa fimbo ya vifundoni kwa sababu alimwaga jivu lote mahali pamoja. Mwalimu mwenyewe alisimama nyuma yetu na daftari, anaandika. Bibi akamwambia aache kuandika ashike koleo.

Kwa hiyo nikikisoma kile kikaratasi cha mjukuu wangu, kwamba maganda yasitupwe na maji yatumike mara mbili, siwacheki kwa ubaya. Wako sawa kabisa, na ningefurahi kuona wanachafuka mikono. Ila wanaanza kama alivyoanza mwalimu wetu, wanaomba samadi bila kuuliza inatoka kwa nani na anarudishiwa nini. Nimemwambia mwanangu amwambie mwalimu wao hivyo. Sijui kama atasema, ana haya mbele ya walimu kama baba yake.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mwenye ng'ombe alikuja. Alikuwa na kamba begani. Bibi alimwona tangu kwenye mfereji, akasimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga, anaifuta, anaifuta, na ilikuwa imeshakauka. Ilikuwa Ijumaa. Yule mzee alimzunguka ng'ombe, akambonyeza mbavu, akaangalia migomba mipya, akaguna alipoiona ile mikungu mifupi. Halafu tukasikia nyimbo, na watoto wakaanza kufika na majani, mmoja, wa pili, wa kumi, wanatupa mizigo mlangoni wanamsalimia shikamoo babu, shikamoo babu. Majani yakafika kiunoni mwake. Akauliza, "Mama, umekuwa serikali?" Bibi akamkaribisha ndani akampa maziwa ya mgando. Aliondoka na kamba yake begani vile vile ilivyokuja.

Nadhani ni kwa sababu hiyo bibi alimpenda sana yule mwalimu. Mkungu mzuri wa kwanza kutoka mistari ya juu alinitwisha mimi nikampelekee. Na uliofuata, na mwingine. Alisema mtu mzima anayeomba msamaha mbele ya watoto hupati wawili. Kila msimu mimi ndiye niliyebeba. Nilikuwa nasimama mlangoni kwa mwalimu na mkungu kichwani, shingo inauma, namsikia anasema, "Mshukuru bibi." Hakuongeza kitu. Ukiranja hakuninyang'anya, na hilo ndilo lililonikera kuliko fimbo. Nilikuwa nagawa majembe na siwezi kumtazama.

Halafu akapata uhamisho. Siku ya kuondoka lori lilisimama uwanjani, akapakia sanduku lake, godoro, na kuku mmoja aliyepewa na wazazi. Bibi alinituma na ndizi mbivu za njiani. Watoto wakimzunguka, akaniita pembeni.

"Bibi anajua?"

"Hajui, mwalimu."

Alizipokea ndizi. "Ukiwa tayari utamwambia. Hilo mimi siwezi kukusaidia." Akapanda lori. Sikumwona tena, na kule alikohamia sikuwahi kupajua.

Mwaka ule ule goti la bibi lilikataa kuteremka bondeni. Mtu wa kukata majani nikawa mimi, na darasa la nne likaishia hapo. Sikulia sana, nisikudanganye. Hesabu zilikuwa bado zinanikimbia.

Siku hizi nikienda kule kuzika au kuozesha, naona. Uwanja wa mpira umewekewa uzio na upande mmoja wana madarasa mapya yenye madirisha ya vioo, mazuri kabisa. Pale kwenye kabichi pamejengwa choo cha walimu. Kihamba cha bibi kimegawanywa kwa wajukuu, nyumba nne za bati, migomba imebaki ya kuhesabu, mfereji umekauka kwa sababu maji yanapita kwenye mabomba. Ng'ombe wa kutunziwa hayupo, ukisema siku hizi umpe mtu ng'ombe wako alale naye watakuuliza una mkataba. Nyimbo za Ijumaa zimekwisha. Harufu ile nimeikosa mpaka juzi nilipoitafuta kwenye kiroba sikuipata.

Hayo yote yanaweza kuondoka, dunia haikukaa kwa ajili yetu. Kinachonisumbua ni kingine. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Niliolewa, nikazaa, nikawa narudi kwake kila msimu wa ndizi. Tulikuwa tunakaa wawili mlangoni kwake na beseni katikati, tunamenya ndizi za kupika, mikono yetu imekuwa myeusi kwa utomvu, na mara nyingine anasema, "Yule mwalimu alikuwa na roho. Alinichukulia samadi, lakini alikuwa na roho." Nilikuwa na kisu mkononi na maneno mdomoni. Tukaongea habari za wagonjwa, za mvua, za nani kaoa wapi, za kanisani, za kuku. Tuliongea mambo mengine yote.